Mwezi Uliolala kama Bakuli

Karani Shija tulimzika Jumatano. Kwenye wasifu wa marehemu, kijana mmoja wa mjini aliyepewa karatasi na kipaza sauti alisoma kwamba marehemu "aliwahi pia kuongoza kikundi cha dini kilichohesabu miezi kwa desturi za Wayahudi wa kale," kisha akageuza ukurasa akaenda kwenye idadi ya wajukuu. Sentensi moja. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, kwenye kiti chenye mikono, maana lori lililoleta maturubai lilikuwa langu, lori lililoleta masufuria lilikuwa langu, na lililoleta watu wa Maswa lilikuwa langu pia, ingawa dereva alilipaki vibaya. Nikamwambia aliyekaa kushoto kwangu, "Huyu mtoto ameruka kitu chote." Akanijibu, "Si uandike wewe, mzee Maduhu, nafasi unayo." Ninayo kweli. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba nilikuwa nahudhuria zaidi siku za uji, lakini leo nimeajiri watu wenye digrii na wao ndio wananiuliza mimi barabara ya Nkoma inapitika lini. Basi naandika. Habari za baba na mama na nani alimzaa nani naziruka, kila kitabu kinazo. Naandika mwaka mmoja tu, ule ambao neno langu lilitupwa nje mara mbili kama pamba yenye mchanga, kisha likaokotwa.

Ulikuwa ule mwaka wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia kwetu na magari yao na mizani yao, na chama cha ushirika kikaanza kupunguza watu. Karani alikuwa ameandika pamba ya chama tangu mimi sijazaliwa. Walimpa mkono, wakampa na kile kiti cha mbao alichokikalia, akae nacho nyumbani. Siku hiyo hiyo akatoka pia na kitabu alichokikuta zamani kwenye kabati la ofisi, kimesahauliwa na mmisionari fulani. Kilikuwa cha Kiingereza, jalada halipo, kurasa za mwanzo ziliishia kufungia karanga. Kilieleza maisha ya Wayahudi wa zamani, enzi za hekalu lao. Mtu mwingine angekisoma akasinzia. Lakini Karani alikuwa mtu aliyezoea kuamka asubuhi akiwa na mamlaka juu ya kitu fulani, na sasa hakuwa hata na mzani. Akafika kwenye sura inayoeleza jinsi Wayahudi walivyokuwa wanaanza mwezi, akaona pale kuna ofisi.

Nieleze kama alivyotueleza yeye, kidole kwenye mstari, akituangalia kwa juu ya miwani. Wayahudi wa kale hawakuwa na kalenda ya ukutani. Mwezi wao ulikuwa wa siku ishirini na tisa au thelathini, na hakuna aliyejua ni ipi mpaka mbingu zenyewe ziseme. Siku ya ishirini na tisa ikiisha, jua likizama, watu walitazama magharibi. Aliyeuona mwezi mwembamba alikwenda Yerusalemu kwenye baraza la wazee, na lazima wawe wawili. Baraza liliwahoji mmoja mmoja, kama polisi wanavyohoji wezi wa ng'ombe: uliuona upande gani wa jua, ulikuwa juu kiasi gani, umeinamia wapi, mnene au mwembamba. Wakikubaliana, mkuu wa baraza anasema "Umetakaswa," na watu wote wanaitikia "Umetakaswa, umetakaswa," na hapo mwezi umeanza. Mashahidi wasipopatikana, mwezi uliopita unaongezwa siku moja. Na hili halikuwa jambo dogo, maana sikukuu zote zilihesabiwa kutoka hapo. Ukikosea mwanzo, basi siku kuu ya kufunga, ile ya kumi ya mwezi wa saba, utakuwa unakula siku ambayo Mungu anakutazama unakula. Hayo ya mwisho ni maneno ya Karani, sidhani yamo kitabuni.

Tulikuwa nyumba kumi na moja, Bariadi na Sapiwi, na nyumba nyingine sita kule Nkoma chini ya dada yake mkubwa, Mama Kabula. Jumapili kila mtu alikwenda kanisani kwake kama kawaida. Karani alisema sisi si Wayahudi wala si kanisa jipya, sisi ni Wasukuma tunaofuata utaratibu. Tulikutana kwenye stoo yake ya pamba nyuma ya nyumba. Mpaka leo nikifunga macho naisikia ile harufu ya mafuta ya mbegu, naona nyuzi za pamba zimening'inia kwenye kenchi kama ndevu za babu, na kile kiti cha ushirika mbele peke yake, sisi wengine kwenye magunia. Ukutani alitundika ubao mweusi, na juu yake alichora kwa chaki miezi sita aliyoinakili kitabuni, yote imesimama, migongo imebinuka kama watu wenye maumivu ya kiuno. Shahidi alitakiwa kuonyesha kwa kidole: niliuona kama huu, au kama huu. Mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vitenge jirani alikuja siku moja, akauangalia ubao muda mrefu, akasema, "Sisi tunautafuta kwa mfungo na sikukuu tu na bado tunagombana. Ninyi mnautafuta kila mwezi?" Akaondoka anatikisa kichwa, lakini nilimwona jioni naye anatazama magharibi.

Sasa kulikuwa na kipengele ambacho Karani alikitekeleza bila kupunguza hata neno. Kitabu kilisema mashahidi waliandaliwa chakula kizuri ili wapende kuja tena. Sisi wengine tulikula ugali wa mtama na mboga za kukausha. Shahidi alipewa wali na kuku, paja zima, kwenye sahani yenye maua, amekaa kwenye stuli anatazamwa. Kuna watu hapa mjini, sitawataja, wanasema nilimfuata yule kuku. Waseme. Mimi wakati ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye baiskeli na miguu ya chuma, nabeba mizigo ya watu, kuku ningejinunulia. Shida yangu ilikuwa nyingine. Mtaa mzima waliniita Redio Mbao. Nikisema nimemwona fisi, walicheka. Nikisema mvua imenyesha Sapiwi, walimtuma mtu mwingine akaulize. Nikaona pale stooni kuna mahali ambapo mtu akisema ameona kitu, baraza linasema umetakaswa na siku zinasogea. Nilitaka hicho. Kuku alikuwa nyongeza tu.

Nilipojitokeza, Karani alinitazama akafungua kitabu. "Maduhu, unafuga njiwa?"

"Ninao kumi na wanne."

"Ushahidi wako haupokelewi. Kitabu kinataja watu wasiofaa. Wacheza kamari, wakopeshaji wa riba, na watu wa njiwa."

"Njiwa wana kosa gani, mzee?"

"Kitabu hakielezi. Kinasema njiwa."

Baadaye sana mchungaji mmoja msomi alinifafanulia kwamba walikuwa watu wa kushindanisha njiwa kwa kamari, si wafugaji. Lakini mwaka ule sikuwa na msomi. Nilikwenda nyumbani nikala njiwa wote kumi na wanne ndani ya wiki mbili, kuchoma na kuchemsha, mpaka manyoya nikawa nayaota. Nikarudi stooni msafi.

Mwezi uliofuata tulikwenda mimi na Masalu, mchunga ng'ombe wa Sapiwi, mtu ambaye akisema maneno kumi kwa siku analala kachoka. Mwezi tuliuona wote wawili, wazi kabisa, juu ya mawe. Asubuhi baraza likakaa, Karani na wazee wawili. Masalu aliingia kwanza. Alitoka baada ya muda wa kumeza mate. Nikaingia mimi. Nikawaambia ulikuwa mwembamba kama kucha ya mtoto, una rangi ya samli, na nyota imekaa katikati yake kama kito, na ndege wawili wakapita mbele yake kutoka kusini, na mimi nikapiga magoti. Karani aliandika kila kitu. Akauliza, "Masalu naye alipiga magoti?" Nikasema tulipiga wote. Akamwita Masalu.

"Masalu, jana mliona nini?"

"Mwezi."

"Na nyota?"

"Sikuona."

"Na ndege?"

"Ng'ombe walikuwepo."

"Mlipiga magoti?"

Masalu akaangalia magoti yake, kisha akaangalia yangu. "Mimi nilikuwa nimekaa," akasema.

Tulitolewa nje wote wawili bila chakula, na mwezi ule ulitakaswa kwa ushahidi wa wanawake wawili waliouona wakitoka kisimani. Na wao, niseme ukweli, walishajua kwamba ukionyesha mchoro wa pili kutoka kushoto unapita. Habari hiyo ilikuwa imeenea. Karani alinifuata mlangoni akaniambia polepole, bila hasira, na ndiyo maana iliniuma: "Maduhu, wewe unaona vizuri. Lakini unapeleka kitu kikiwa kimeongezwa. Pamba ukiimwagia maji inapanda uzito kwenye mzani, lakini nani atainunua mara ya pili?" Masalu alinisindikiza mpaka kwenye baiskeli. Alisema, "Kuku nimemkosa," akaenda zake.

Sasa nije kwenye moto. Kitabu kilieleza kwamba baraza likishaamua, watu walipanda vilimani na mienge mirefu wakaipunga, juu na chini, huku na huku, mpaka wa kilima cha pili aone na kupunga yake, na hivyo habari ikafika mbali kabla ya miguu. Karani alipenda sana jambo hili. Akapanga kilima kimoja hapa Bariadi, kingine katikati, na cha mwisho juu ya Nkoma kwa dada yake. Mimi, kwa kuwa sikufaa kwa kusema, nilipewa kilima cha katikati. Moto hauongezi maneno, alisema. Mienge ilikuwa miti ya pamba iliyokauka, imefungwa kwenye mti mrefu. Tangu Machi mpaka Agosti mambo yalikwenda safi. Kule Nkoma wakawa wavivu, wakaacha kungoja kupunga. Wakiona moto tu upande wetu, wanaitikia umetakaswa na kwenda kula.

Mwezi wa saba wa Kiyahudi unaangukia Septemba. Msomaji wa kwetu ameshacheka. Kila mkulima wa pamba anajua kwamba Septemba, kabla ya siku inayotangazwa, lazima ung'oe miti yote ya pamba shambani na kuichoma, ili funza wasilale humo kungoja msimu. Bwana shamba alipita na kipaza sauti wiki nzima. Na nani alikuwa anabandika tangazo hilo ukutani kwa ofisi ya ushirika kila mwaka, kwa mkono wake mwenyewe na gundi ya ugali? Karani. Miaka yote. Na siku ya mwisho ya kuchoma ikaangukia siku yetu ya ishirini na tisa, na hakuna kichwa hata kimoja, wala changu, kilichoweka mambo hayo mawili pamoja.

Jioni ile nilikuwa juu ya kilima changu. Jua lilipokaribia kuzama, watu wakaanza kuwasha. Shamba moja, mashamba matano, kisha nchi nzima, kutoka Sapiwi mpaka macho yanapoishia, moto kwenye kila mteremko, na moshi ukajaa mabondeni kama maziwa kwenye kibuyu. Bariadi haionekani, Nkoma haionekani. Lakini mimi nilikuwa juu ya moshi. Nikatazama magharibi, na pale palipozama jua nikauona. Mwembamba sana. Umelala chali kama bakuli, pembe zote juu, umeinamia kushoto kidogo. Hapakuwa na nyota. Hapakuwa na ndege. Nilikaa chini, kwa sababu mara ile Masalu alikuwa amekaa, nikauangalia mpaka ukashuka. Sikuwasha mwenge, maana sikuona ishara ya Bariadi. Nilijua tu kwamba kesho nitasema mbele ya baraza, na safari hii sitaongeza hata chumvi.

Asubuhi walikuja mashahidi saba. Wote walisema moshi. Nikaingia wa mwisho, macho mekundu. Karani alikuwa amejiinamia kwenye kiti, hanitazami.

"Ulikuwa wapi?"

"Kilimani, juu ya moshi."

"Uliona?"

"Niliona."

"Onyesha."

Nikaangalia ile miezi sita ya chaki imesimama na viuno vyake. Mchoro wa pili kutoka kushoto ulikuwa pale unaniita, na nyuma ya mlango nilisikia kuku analia, nadhani alijua. Nikasema, "Haumo." Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui nilitoa wapi ujasiri. Nikautoa ubao kwenye misumari, nikaulaza upande, mpaka miezi yote ikalala chali. "Hivi."

Wazee wawili wakaguna. Karani akasimama. "Ubao haugeuzwi," akasema. "Hii michoro ni ya Yerusalemu. Baraza la Wayahudi halikuona bakuli. Rudisha." Nikarudisha. Kwa haraka nikapigilia msumari mmoja umepinda. "Shahidi mmoja, na ubao unamkataa," akatangaza. "Mwezi unaongezwa siku." Nikatoka. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimesema kitu kama kilivyo, tupu, na hakikununuliwa. Nilikaa kwenye baiskeli yangu pale nje bila kuiendesha. Mtu akiona hivyo anadhani unapumzika.

Kufika jioni habari ikaja kutoka Nkoma: wao walishaanza mwezi jana. Waliona moto. Na nani asingeuona, nchi nzima ilikuwa inawaka. Karani alicheka kwanza, kisha alipogundua kwamba siku ya kumi ya Nkoma itakuwa siku ya tisa ya Bariadi, na kwamba siku kuu ya kufunga watu wake watafunga mara mbili kama walevi wawili wanaofunga mlango mmoja, alikasirika. Akaandika barua nimpelekee dada yake abadilishe. Mama Kabula aliisoma amesimama, mwanamke mkubwa, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. "Mwambie Shija," akasema. Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita Karani kwa jina tupu. "Mwambie Shija kwamba juzi nilikuwa nimelala nje naugua mgongo nikatazama juu, na huu mwezi una umri mkubwa kuliko anavyosema." Nikataka kumwambia nilichoona. Nikageuza baiskeli. Nilikuwa nimechoka kutokuaminiwa.

Karani akafungua kitabu tena. Humo aliwahi kutokea mzee mmoja mkubwa aliyemwamuru mzee mwenzake, aliyebishana naye kuhusu mwezi, aje kwake na fimbo na mkoba wake siku ile ile ambayo kwa hesabu ya mwenzake ilikuwa siku ya kufunga. Ili aonekane ameivunja. Na yule mzee akaja. "Baraza likikosea," Karani akatusomea, "liwe limekosea kwa makusudi au bila kujua, tarehe ni ile ile waliyosema." Akafunga kitabu. "Mwambie dada aje siku yake ya kumi, na fimbo yake na chungu chake, ale mbele yetu."

Nilikwenda Nkoma siku moja kabla, mchana, nimchukue asubuhi, maana alisema hawezi kutembea na njaa mpaka Bariadi. Jua lilipozama mfungo wao ukaanza. Hakuna jiko lililowaka. Sikupata chakula cha jioni, sikupata uji wa asubuhi. Nilikuwa na michembe mfukoni, vile viazi vya kukausha, nikaanza kutafuna kimya kimya nyuma ya zizi.

"Maduhu, ng'wanawane, unatafuna nini?"

"Hakuna kitu, mayu," nikamjibu, maana kwetu kila mama ni mayu.

"Toa hicho ambacho si kitu mfukoni."

Nikatoa. Hata ule wa mdomoni nikautema. Akawapa kuku. Kisha akapanda kwenye keria, chungu mapajani, fimbo mkononi kama mtu anayepeleka farasi vitani, na tukaondoka. Nimeendesha lori la tani kumi kwenye matope ya masika, nimevuka mito bila daraja, lakini sijawahi kubeba mzigo kama ule. Kwenye kila mwinuko alikuwa anasema, "Usisimame, nimefunga." Niliwaza, na wewe huoni mimi nimefunga pia, bila hata kutaka?

Stoo ilijaa. Watu wa Bariadi na Sapiwi walikuwa wameshakunywa uji, wameshakula viazi, na katikati ya stoo kulikuwa na sinia la wali na kuku, chakula cha mashahidi, limeandaliwa kwa ajili ya kumshinda mwanamke mmoja. Masalu, ambaye nilishangaa kumwona, alikuwa tayari ana kipapatio mkononi. Nilimsalimia Karani, "Mwadila, bhabha," akaitikia bila kunitazama.

"Karibu dada," Karani akasema. "Umekuja kama ulivyoamriwa. Kula."

"Nimekuja," Mama Kabula akasema, akakaa kwenye gunia, chungu mbele yake. "Nitakula. Lakini kwanza nina swali, kwa utaratibu. Ile jioni ya moshi, kuna mtu yeyote alisema ameuona?"

"Mmoja. Ubao haukumkubali."

"Nani?"

Mtu wa nyuma akasema, "Redio Mbao," na watu wakacheka. Mama Kabula hakucheka. Alinigeukia, jasho lake na langu bado halijakauka. "Ulitoka Nkoma na mimi mgongoni hukusema."

"Hukuniuliza, mayu."

"Nakuuliza."

Stoo nzima ikainama mbele kungoja nyota na ndege. Nikasema, "Niliuona. Umelala." Nikaishia hapo. Naweza kuwaambia kwamba hayo ni maneno mafupi kuliko yote niliyowahi kusema hadharani, na sijayapita.

Akamgeukia ndugu yake. "Shija. Na wewe jioni ile ulikuwa wapi?"

Karani alivua miwani akaifuta. "Nyumbani."

"Wapi nyumbani?"

"Nyuma ya choo."

Watu wakaanza kucheka, wakaacha. "Tangu ukiwa mtoto," dada yake akasema, "jua likizama unakwenda nyuma ya nyumba kutazama. Mama alikuwa anakuita kula huji. Uliona nini?"

Nadhani ndipo hapo nilipojua ukubwa wa yule mtu, na si kwenye kitabu chake. Alinyanyuka kwenye kile kiti cha ushirika, akakiacha kitupu. Akaenda ukutani. Akang'oa ule msumari wangu uliopinda, akautoa ubao, akaulaza upande, akautundika hivyo. "Jaji akiuona mwezi mwenyewe," akasema, anaongea na ukuta, "kitabu kinasema lazima ashuke, asimame kama shahidi mwingine yeyote. Mimi sikushuka. Moshi ulipasuka kidogo, nikauona, umelala. Lakini kitabu kilichorwa kwao. Nikadhani macho yangu ndiyo yaliyopinda." Kisha akageuka akanitazama. "Mashahidi ni wawili. Maduhu na mimi."

Mama Kabula akasema, "Umetakaswa." Tukaitikia, "Umetakaswa, umetakaswa," na ile ya pili ilififia katikati, kwa sababu watu walianza kuelewa. Kama mwezi ulianza jioni ile, basi leo ndiyo siku ya kumi. Leo ndiyo siku kuu. Nyumba kumi na moja zilikuwa zimeshiba viazi. Masalu alikiweka kile kipapatio kwenye sinia taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani, akafuta vidole kwenye gunia. Mama Kabula alizungusha macho stoo nzima, kichwa kwa kichwa. "Mmeshiba?" akauliza.

Kwa hiyo andikeni hivi: mwaka ule, Bariadi yote, waliofunga siku sahihi walikuwa wawili, Mama Kabula kwa imani na mimi kwa kukosa. Na yule kuku sikumla. Nilimrudisha mayu Nkoma kabla ya jua kuzama, na niliporudi kesho yake nikaambiwa sinia lilimalizwa kwa toba.

Baada ya hapo mioto ilifutwa. Karani alikuta kwamba hata Wayahudi waliiacha, kwa sababu maadui zao waliwasha mioto ya uongo ili kuwachanganya, ndipo wakaanza kutuma wajumbe. Sisi hatukuwa na maadui, tulikuwa na bwana shamba, lakini matokeo yalikuwa yale yale. Mjumbe nikawa mimi. Nilipeleka mwezi Nkoma, Sapiwi na hata Maswa, walikokuwa wamejiunga wachache, kwa baiskeli, na nikifika nikasema "umeanza," watu walianza, hawakutuma mtu kuuliza. Kisha wakaanza kunipa barua za kupeleka, kisha mbegu, kisha kuku, na watu wakiniuliza leo nilianzaje biashara ya usafirishaji nawaambia nilianza kwa kubeba mwezi, wanadhani ni majivuno. Kikundi chenyewe kilikwisha polepole. Watoto walikwenda shule, kalenda zikaletwa bure na wauza dawa za pamba. Karani alibaki anautazama peke yake nyuma ya choo.

Jumatano, baada ya watu kurudi kutoka makaburini, wenye familia walikaa kupanga siku ya kuondoa matanga. Vijana walitoa simu, kila mmoja na tarehe yake. Mama Kabula alikuwa kwenye mkeka upande wa magharibi wa nyumba, mwembamba sasa, macho yamemwisha kabisa. Akapaza ile sauti ya ng'ombe, bado anayo. "Redio yupo?"

"Nipo, mayu."

"Leo ni ishirini na tisa yangu. Nenda nyuma ya choo utazame."

Nikaenda, na suti yangu. Choo ni kipya, cha matofali, lakini mahali ni pale pale. Ulikuwepo. Na safari hii, naapa, nyota ilikuwepo kweli, karibu yake kabisa, na kundi la yangeyange lilikuwa linapita, na mimi nilikuwa mtu mzima nimesimama nyuma ya choo cha rafiki yangu nalia. Maneno kama mia yalinijia. Nikarudi nikachuchumaa kwenye mkeka.

"Nimeuona, mayu. Umelala."

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kuhesabu siku kwenye vidole. Yule kijana aliyesoma wasifu alikuwa karibu, simu mkononi, akasema kwa adabu, "Lakini bibi, si nasikia lazima wawe mashahidi wawili?"

"Wa pili tumemzika leo," Mama Kabula akasema. "Mpeni Maduhu kuku wake."